Shangingi Likimisi, Usikimbilie Dukani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Assalaam alaikum kwa wenye salamu hiyo, na Bwana asifiwe kwa wenye hiyo. Niliombwa nizungumze nusu saa kabla bati la gereji hii halijashika moto, na jua la Mtwara halimngoji mtu, kwa hiyo sina utangulizi mrefu. Nimekuja kuzungumzia misi, yaani injini kukatakata, silinda moja au zaidi ikikosa kuwaka. Kwetu huku shangingi likianza kumisi, kitu cha kwanza kufunguliwa si boneti, ni pochi ya mwenye gari. Hilo ndilo lililonileta.

Nianze na mzee mmoja wa Tandahimba. Jina lake silitaji, na chapa ya gari siitaji, maana Kusini hii ni ndogo. Nikisema hata rangi tu mtaanza kupigiana simu. Msimu wa korosho ulimwendea vizuri, pesa za minada zikaingia, akapanda basi hadi Dar es Salaam akanunua gari lililotumika. Petroli, silinda sita za V, viti vya ngozi, paa la kioo. Gari la heshima. Likavuka Daraja la Mkapa, likapita Nangurukuru, likapita Lindi, likafika nyumbani bila kukohoa. Wiki ya tatu, asubuhi akiwasha, likaanza kutetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, kama mtu mwenye malaria. Barabarani linatulia. Ila akitoka Masasi akipandisha Newala, taa ya cheki injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi zote sita. Wapi. Wa pili akaagiza koili sita, zile za kuzipa plagi umeme, kutoka Gerezani, Dar es Salaam, zikaletwa na basi. Wapi. Wa tatu akafungua manifoldi ya juu, ile ya kugawia silinda hewa, akatoa nozeli za kunyunyizia mafuta, akaziosha, akarudisha, likazidi. Wa nne alitikisa kichwa akasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, itafutwe nyingine. Hapo ndipo mzee alipoletwa kwangu. Zaidi ya milioni mbili zilikwisha kwenda na gari bado linatetemeka.

Msiwacheke hao wanne. Miaka ile naanza kujitegemea, mimi mwenyewe nilimuuzia mtu koili nane za V8. Likatulia siku mbili, likarudi vilevile. Nilipokuja kufumbua macho, nikaona kijana wa kuosha magari anapuliza injini kwa presha kila Jumamosi, na maji yanatuama kwenye visima vya plagi. Koili mpya nilizifunga juu ya maji yaleyale yaliyoua za zamani. Koili zile nililipa mimi, taratibu, kwa miezi minne. Ndiyo ada yangu ya shule.

Sasa tuelewane misi ni nini. Ni silinda kukosa kuchoma mafuta yake, au kuyachoma vibaya. Hesabu ndogo: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 1,500 kwenye dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde. V8 nzima ni mara 200 kwa sekunde. Masikio yako hayawezi kuhesabu hizo. Kompyuta inaweza, na namna inavyoweza ni ya ajabu kidogo: haina jicho ndani ya silinda. Inatazama kranki tu, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kuna sensa inayosoma meno ya gurudumu la kranki, na kila silinda ikiwaka kranki inasukumwa, inapata mwendo. Silinda ikikosa, kranki inapunguza mwendo kidogo, nukta ya sekunde, na kompyuta inajua ilikuwa zamu ya nani. Inaandika.

Kwa hiyo kompyuta haioni plagi mbovu. Haioni koili mbovu. Inaona kranki imesita. Mmecheza mapiko nyie, ngoma ya vinyago, mnajua. Unakiona kinyago, unaona nguo, unaona miguu inarusha vumbi, lakini aliye ndani ni nani hujui mpaka kinyago kivuliwe. Namba ya kosa ni kinyago. Fundi anayesoma P0304, namba ya misi ya silinda ya nne, akasema "koili ya nne" amekipa mkono kinyago akidhani amemsalimia mchezaji.

Hata kusita kwenyewe kunaweza kuwa kwa uongo. Barabara ya makorongo inatikisa magurudumu, mtikisiko unapanda kwenye ekseli hadi kranki. Magari mengi ya aina hii yana namna ya kutambua barabara mbovu ili yasiandike misi hovyo, lakini mfumo huo nao unategemea sensa nyingine, mara nyingi zile za breki za ABS, na sensa ya ABS ikifa unaweza kuhangaika na plagi za gari ambalo halimisi kabisa. Mkiona misi inaandikwa kwenye vumbi tu na kwenye lami haipo, ulizeni barabara kwanza.

Silinda inataka vitu vinne: hewa, mafuta, cheche, na kompresheni, yaani mgandamizo. Na kila kimoja kije kwa wakati wake. Hakuna cha tano. Ukijua hivyo, kazi ni kuuliza kipi kimepungua, na kuuliza kwa mpangilio wa urahisi. Kinachopimika kwa dakika tano kitangulie kinachohitaji siku nzima. Na kinachopimika bure kitangulie kinachonunuliwa.

Turudi kwa mzee. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa kwenye soketi ya pini 16, chini ya usukani. Soketi hii ilikuwa lazima kwa magari Marekani tangu 1996, na kwa ya petroli Ulaya tangu 2001, kwa hiyo usiniambie gari lako la kifahari halina. Nikasoma bila kufuta. Narudia, bila kufuta. Kuna vijana wakichomeka tu wanabonyeza futa, wanafurahi taa imezima. Umefuta na ushahidi. Kompyuta kosa likitokea huhifadhi hali ilivyokuwa wakati ule: mizunguko, joto la injini, mwendo, mzigo. Ukifuta, na hiyo imekwenda.

Palikuwa na P0300, ambayo ni misi inayotangatanga. Palikuwa na P0302, P0304 na P0306, silinda ya pili, ya nne, ya sita. Na palikuwa na P0174, ambayo inasema upande wa pili una hewa nyingi kuliko mafuta. Hebu zitazameni. Kwenye injini ile, 1, 3 na 5 ziko upande mmoja. 2, 4 na 6 upande wa pili. (Si zote. Kila kiwanda kina namna yake ya kuhesabu silinda, kwa hiyo kabla ya kushika spana hakikisha ya nne ni ipi. Nimemwona mtu mzima anabadilisha koili ya silinda nzima, mbovu akaiacha.) Misi zote tatu ziko upande mmoja, na upande huohuo una malalamiko ya hewa. Koili tatu mpya haziwezi kufa siku moja kwa kupanga mstari.

Nikafungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta. Injini ya petroli inataka takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta. Sensa ya oksijeni ikiona hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta, na kile inachoongeza inakuonyesha kwa asilimia. Ikiwa chini ya 10 mimi silali macho. Upande wa kwanza wa gari la mzee ulisoma 3. Upande wa pili ulisoma 24. Nikamwambia kijana wangu akanyage hadi mizunguko 2,500 ashikilie. Ile 24 ikateremka mpaka 6.

Hapo nikacheka, maana gari lilikwisha kusema. Kuna mahali hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga inavuta nyingi, ile ya wizi inapotea humo. Kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha chai kinaharibu chai, kwenye pipa hakionekani. Ingekuwa sensa ya hewa ndiyo mbovu, pande zote mbili zingepanda. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka, tungeona kinyume: namba tulivu kwenye sailensa, inapanda kadiri unavyokanyaga. Dakika kumi zile, spana ipo kwenye sanduku, tulikwisha kuwaachia huru washukiwa wengi.

Kutafuta tundu lenyewe nilitumia moshi. Mashine ya dukani sina. Nina kopo la rangi lililozibwa, plagi ya kupashia joto ya injini ya dizeli ndani yake, mafuta ya mtoto kidogo, betri, na hewa ya kupuliza puto, si zaidi. Unapeleka moshi kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, unasubiri utokee wapi. Wengine wanapulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayounguruma na kusikiliza mlio ukibadilika. Inafanya kazi, ndiyo. Imeunguza pia magari, na mafundi. Moshi wetu ulichomoza chini ya manifoldi, upande wa pili, ambapo gasketi ya zamani ilirudishwa imekunjika na boliti moja haipo. Yule fundi wa tatu, wa nozeli. Alikuja kuponya, akaongeza ugonjwa.

Tukaweka gasketi mpya na boliti. Misi ya silinda ya pili na ya sita ikanyamaza. Ya nne ikaendelea.

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu sasa tumebaki na ugonjwa wa asili, ule uliokuwepo kabla ya mafundi wote. Koili ya nne nikaihamishia silinda ya kwanza, na ya kwanza nikaileta ya nne. Kama misi ingehama na koili, koili ndiyo mwizi. Haikuhama. Nikafanya hivyohivyo kwa plagi. Haikuhama. Kuhamisha huku hakuna gharama, na ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakiuzwi dukani. Ila tafadhali, ile tabia ya kuchomoa koili injini inanguruma ili kusikia silinda ipi imekufa, iacheni. Ilikuwa ya magari ya waya za plagi. Koili hizi zinatoa umeme wa volti 20,000 na kuzidi; umeme huo ukikosa pa kwenda unatafuta pa kwenda, na unaweza kuwa mkono wako au kontroli boksi. Ukitaka kunyamazisha silinda, chomoa soketi ya nozeli, ili na mafuta yasimwagike ovyo.

Wengi wangehamisha nozeli baada ya hapo. Mimi niliruka. Nozeli ziko chini ya manifoldi, nusu siku imekwenda. Kompresheni ni chini ya saa moja. Betri ijae, plagi zote nje, mafuta yakatwe, throto, ule mlango wa hewa, iwe wazi kabisa, kisha unapiga stata. Silinda tano zilisoma kati ya PSI 170 na 180. Ya nne, 110.

Nikatia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, nikapima tena. 115. Ingekuwa ringi za pistoni zimekwisha, oili ingeziba kwa muda na namba ingepanda sana. Haikupanda, basi uvujaji uko juu, kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Nikaipandisha pistoni hadi juu, valvu zote zimefunga, nikaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda, nikazima redio ya jirani. Sasa unasikiliza tu. Hewa ikifoka kwenye throto, ni valvu ya kuingizia. Ikifoka kwenye mdomo wa kutilia oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi ya hedi. Tukainama nyuma ya gari na kijana wangu, kichwa karibu na bomba la egzosi, kama watu wanaosikiliza siri. Lilikuwa linafoka.

Tulipoteremsha hedi, valvu ya kutolea ya silinda ya nne ilikuwa imeungua ukingoni, imemegwa kama biskuti iliyoumwa na mtoto. Mzee akaishika, akaigeuza geuza. Akaniuliza, "Kwa hiyo zile koili nilikuwa namnunulia nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nozeli, kwa taarifa yenu, hazikuwa na ubaya wowote.

Niseme neno kuhusu ile taa ya kuwaka na kuzima, maana madereva mpo. Taa ikiwaka na kutulia, unaweza kwenda polepole hadi kwa fundi. Ikiwa inapepesa, toa mguu, paki. Inakwambia mafuta mabichi yanakwenda kwenye masega, kile kichujio cha moshi kwenye egzosi, na kuungulia humo. Masega yamezoea joto la nyuzi mia kadhaa. Yakizidishiwa sana yanaharibika, hata kuyeyuka, yanaziba, na gari lenye misi linakuwa gari lenye misi lisilo na nguvu. Kisha anatokea bwana mmoja anakushauri uyatoe, tena anajitolea kukusaidia kuyabeba. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Huruma yake ina bei.

Kwa sisi wa pwani kuna mambo ya kwetu. Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye soketi za waya. Kabla hujalaumu koili, tazama waya wa athi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Nimekuta umeliwa, umebaki nyuzi tatu, na misi ikaisha kwa msasa na boliti. Tazama visima vya plagi kama vina maji, au oili iliyopenya kutoka kwenye gasketi ya kava la valvu. Oili ikilowesha mpira wa koili, cheche inatoroka pembeni. Na mafuta. Mafuta ya vituoni hutiwa vinasaba ili kunasa uchakachuaji. Dumu la kando ya barabara halina wa kulichunga. Gari likimisi siku lilipojazwa mafuta, usinunue kitu. Chota kwanza kwenye chupa ya kioo, uyaache yatulie, utazame.

Naona mkono pale nyuma. Sema, mwanangu. Haya, anauliza: gari linamisi asubuhi tu, nusu dakika, kisha linakuwa zima siku nzima, lifanyweje? Swali zuri sana hilo, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Chungulia tangi la kulanti, yale maji ya kupozea injini, kila asubuhi kwa wiki moja, uweke alama. Ikiwa inapungua na huoni tone chini, na wakati wa kuwasha kuna moshi mweupe wenye harufu tamu, kulanti inapenya usiku ndani ya silinda na kulowesha plagi. Injini ikipata joto chuma kinatanuka, panaziba, unadhani imepona. Haijapona. Usimwambie mwenye gari aendelee kuongeza maji.

Na yule kaka mwenye kofia? Anasema gari lake ni la kunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, plagi mpya, koili nzima, linamisi likiwa la baridi. Kwenye hizo, petroli haipiti tena mgongoni mwa valvu za kuingizia kuzisafisha, kwa hiyo masizi yanajenga kichuguu pale. Dawa ya kutia kwenye tangi haifiki huko, usipoteze pesa. Wenzetu Ulaya wanapuliza maganda ya jozi (zile karanga za walnut) yaliyosagwa, yanakwangua masizi bila kuumiza chuma. Nisisikie mtu anajaribu maganda ya korosho! Yale mafuta yake mnayajua yanavyobabua vidole.

La mwisho, maana mama lishe ameanza kupakua. Mnaotaka kununua: fika asubuhi bila kupiga simu, shika boneti, likiwa la moto ondoka. Washa ufunguo bila kuwasha injini; taa ya cheki injini lazima ionekane kwanza, isipoonekana huenda kuna mtu ameifunga. Kisha chomeka hata kale kamashine kadogo kanakozungumza na simu. Ukikuta hakuna kosa lolote lakini vipimo vya ndani vya gari vinasema havijakamilika, huenda makosa yamefutwa karibuni. Mwombe muuzaji mzunguke mpaka Mikindani na kurudi, uone uso wake.

Haya. Lile jeupe pale chini ya mkorosho, mwenyewe anasema linamisi tangu Jumatano. Fungueni boneti, na asiguse mtu plagi. Mwanangu, wewe uliyeuliza, chomeka mashine utusomee kwa sauti. Usifute.